Ng'ombe Waliokufa Bila Ngozi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita kwa sababu jirani alilifungia maandazi, sogea hapa nikufupishie.

Mimi ni Alfonsi Masatu, mkazi wa Kigera, karani wa takwimu katika ofisi ya mifugo pale Musoma. Kazi yangu ilikuwa kupokea hesabu za ng'ombe wagonjwa na waliokufa kutoka kila kata, nizijumlishe, nizipeleke juu. Shida ni kwamba kwa muda wa mwaka mzima hesabu hazikuja. Bwana mifugo wa upande wa Bunda alikuwa na fomu, hana tairi la baiskeli. Wa upande wa Butiama alikuwa na tairi, hana fomu. Huko juu nao wanataka takwimu kila mwisho wa mwezi, wala hawataki kusikia habari za tairi.

Basi nikawa natunga.

Wiki iliyopita niliwaambieni pia misiba yangu miwili. Wa kwanza: ng'ombe saba alioniachia marehemu baba, waliokuwa wakitunzwa na baba mdogo aitwaye Kwangu huko Bunda, nililetewa habari kwamba wamekufa wote mwezi wa saba, kwa kimeta. Wa pili: Robi, binti wa Mzee Machage wa Butiama, ambaye nilitegemea kumtolea mahari kwa ng'ombe hao hao, aliniambia baba yake ameshapokea ng'ombe wa mtu mwingine, na jina la huyo mtu mzee amelifungia mdomoni.

Tuliachia pale bosi wetu mpya, Bwana Apolinary, aliporudi kutoka semina Dar es Salaam. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imefunguliwa, vyama vimefunguliwa, na yeye akaona zamu ya ng'ombe imefika.

"Alfonsi," akasema, "magonjwa ya ng'ombe siyo siri tena. Ni mali ya wananchi. Bandika."

"Yote, bosi?"

"Mwaka mzima. Kata kwa kata, mwezi kwa mwezi. Nakala moja mnadani Bunda, moja Butiama, moja hapa mlangoni kwetu. Na muhuri."

Nikabandika. Nilijipa moyo kwamba hakuna mtu mwenye akili zake atakayeacha shughuli aje kusoma ng'ombe wangapi walikufa kwa chambavu mwezi wa pili.

Saa nne asubuhi mlangoni kwetu hapakuwa na pa kupitisha hata paka.

Hapa inabidi nimweleze msomaji wa mbali, maana bila hili hataelewa kilichotupata. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki zizi moja. Anawagawa. Watatu kwa shemeji, wanne kwa rafiki, wawili kwa mtu aliyebatizwa naye. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Siku akifa, mtunzaji anamletea mwenyewe ngozi, na paja juu yake. Ngozi isipoonekana, ng'ombe huyo hajafa, ameliwa.

Isipokuwa ugonjwa mmoja tu. Aliyekufa kwa kimeta hachunwi. Serikali inataka azikwe mzima mzima, na ngozi yake, na damu yake. Sasa fikiria. Kwa miaka yote hiyo, kila aliyeuza ng'ombe wa mwenzake, au aliyemchinjia wageni wa ubarikio, alikuwa na neno moja tu la kusema akiulizwa ngozi iko wapi.

Na mimi sasa? Ndigana, ile homa ya kupe, niliigawia kila kata kama peremende, kumi na nne huku, tisa kule, kwa sababu ndigana haiulizwi na mtu. Lakini kimeta ukikiandika hata kimoja, juu wanapiga simu, gari linakuja, wanataka kuoneshwa kaburi. Kwa hiyo safu ya kimeta niliijaza neno moja kutoka juu mpaka chini, kata zote, miezi yote kumi na miwili. HAKUNA.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Marcelina, mjane mmoja muuza dagaa, mwenye sauti ya kuamsha ziwa.

"Karani! Njoo hapa unisomee. Bunda, mwezi wa tatu, kimeta. Hili neno ni nini?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Shemeji yangu alizika ng'ombe yangu nne mwezi wa tatu. Kimeta! Nililia mimi. Nikampelekea na kilo mbili za sukari ya pole!"

"Alizizikia tumboni," mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko mpaka Bwana Apolinary akachungulia dirishani akitabasamu. Alidhani wanafurahia semina yake.

Kufikia jioni watu walikuwa wananakili kwenye viganja, kwenye pakiti za sigara, mmoja kwenye mgongo wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Wiki ile ndoa mbili zilitikisika Bunda, na mzee mmoja wa Butiama alifukuzwa msibani kabla hajanawa mikono.

Watunzaji nao wakagundua nyumba yangu iko wapi. Wa kwanza aliitwa Ryoba. Alikuja na jogoo kwapani.

"Bwana karani, nisaidie kimeta."

"Kimeta gani, mzee?"

"Kimoja tu. Cha mwezi wa nane. Hata kama ni kidogo."

"Mzee Ryoba, hizi ni kumbukumbu za serikali. Haziongezwiongezwi."

"Lakini nyie mnaongezaga ndigana! Mwezi wa tano mmetuandikia ndigana kumi na moja, na kijijini kwetu tulikuwa na ng'ombe tisa!"

Jogoo nilimpokea. Kimeta sikumpa.

Sasa nikiri. Siku tatu nzima nilicheka pamoja na mji mzima, nikasimuliwa mambo ya watu mpaka mbavu zikauma, wala sikukumbuka yangu. Ni Marcelina aliyenishtua, siku aliyoniletea samaki wa shukrani.

"Na wewe, mwanangu, si ulisema ng'ombe ya baba yako zilikufaga Bunda? Mwezi gani vile?"

"Wa saba."

"Kwa nini?"

"Kwa kime..." nikaanza kusema. Mama yule akaanza kucheka mwenyewe.

Msomaji, ona nilivyobanwa. Mkoa mzima ulikuwa na haki ya kuiamini ile karatasi isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilijua HAKUNA ile nimeiandika mezani, mkono mmoja umeshika muhogo. Huenda ng'ombe wangu walikufa kweli. Huenda baba mdogo alizika kweli, akatoa jasho, na mimi mtoto wa kaka yake nakwenda kumwita mwizi kwa uongo wangu mwenyewe.

Lakini baba mdogo hakujua kwamba karatasi ni ya uongo. Kesho yake nikadandia lori la pamba, nakala mfukoni, muhuri juu.

Nilimkuta Bunda, nyumbani kwake, na mama mdogo Getruda anachambua mchicha. Nikaamkia. Nikakaribishwa uji. Sikuzunguka.

"Baba mdogo, zile ng'ombe saba. Ulisema zilikufa na nini vile?"

"Alfonsi, ukija kwa watu unaulizaga kwanza mvua. Kimeta, mwanangu. Mbona nilikwambia."

Nikaikunjua karatasi juu ya goti. "Mwezi wa saba. Kata yako hii hapa. Nisomee, macho yangu yana vumbi la njiani."

Akasoma. Midomo ikatembea. Akasoma tena, safari hii kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Serikali. Imehesabu. Haikuona."

"Serikali ilikuja lini hapa kuhesabu?"

Swali lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa mlangoni kwetu. Kama angeng'ang'ania hapo hapo, ningekuwa nimekwisha. Lakini Mungu ana watu wake, na siku ile mtu wake alikuwa mama mdogo Getruda.

"Nilikwambia useme ndigana!" akafoka, mchicha ukaruka. "Nilikwambia, Kwangu! Ukasema huyu mtoto atadai ngozi!"

Nikaweka bakuli la uji chini.

"Ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko hai," baba mdogo akasema, akiitazama miguu yake. "Usinitazame hivyo. Ziko hai, zimenenepa kuliko wewe."

"Wapi?"

"Butiama. Zimeoa."

"Zimemwoa nani?"

"Bernado wangu naye ni mtoto, Alfonsi. Wewe una mshahara, una kiti cha kuzunguka. Mdogo wako ana nini? Nikaona nimwoeshe kwanza. Kuna mzee mmoja kule ana binti mzuri, ana adabu..."

"Jina la huyo mzee."

"Machage."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nilikaa tena.

Ng'ombe wangu mwenyewe walikuwa wamekwenda kuniposea mchumba wangu mwenyewe, kwa ajili ya mdogo wangu Bernado, ambaye hata kufunga tai anafungiwaga na mama yake.

"Inukeni," nikasema. "Wote wawili. Tunakwenda Butiama."

Njiani hatukuongea, isipokuwa mama mdogo, aliyeongea njia nzima.

Mzee Machage tulimkuta uani kwake na wazee wawili wa ukoo, vigoda vimepangwa kama vile kuna wageni wanaosubiriwa. Ni mtu mrefu, mkavu, anayekusikiliza akiwa ameangalia kitu kingine. Robi alipita na sufuria, akaniona, sufuria ikataka kumponyoka. Nikasalimia wazee, nikaeleza kisa chote tangu kwa marehemu baba. Baba mdogo kila nikinyamaza anakohoa.

Machage akaichukua karatasi yangu, akaigeuza, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba.

"Kwangu," akasema, "ng'ombe niliyopokea ni ya nani?"

"Mzee mwenzangu, ng'ombe ni ya ukoo..."

"Sikuuliza ukoo. Karatasi inasema haikufa. Kama haikufa, ni ya huyu mura, huyu kijana. Ni ya nani?"

"Ni yake," mama mdogo akajibu.

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kutetemeka mabega, kumbe anacheka. "Machage, umempa binti yako mtu aliyekuja na ng'ombe ya kuazima bila kuazimwa!"

"Sijampa bado," Machage akasema, bila kucheka. "Kwetu mwenye ng'ombe ndiye mkwe. Miguu iliyozileta siihesabu. Mura, kaa kwenye kile kigoda."

Msomaji, nilikaa kwenye kile kigoda kama mtu aliyevishwa taji. Nikamtafuta Robi kwa jicho. Alikuwa mlangoni mwa jiko, ameweka mkono mdomoni, macho yanacheka. Wiki tatu nilikuwa mtu wa kuhurumiwa, na sasa nimepata ng'ombe na mke, na baba mdogo nimemwona akimeza mate. Nikajisemea, Alfonsi, uongo wako umezaa matunda.

"Tutakula kwanza, maneno yafuate," Machage akasema. "Alfajiri tumeangukiwa na ng'ombe mmoja. Jana jioni alikuwa mzima, anakula nyasi. Alikuwa katika hao saba wako, mura, basi na wewe ni msiba wako. Vijana wanachuna kule nyuma. Kaangalie paja lako."

Nikazunguka nyuma ya zizi nikiwa bado natabasamu.

Nilimtambua kwa pembe. Pembe moja imeshuka mpaka karibu na jicho. Marehemu baba alikuwa akimwita Bibi Harusi. Tumbo lilikuwa bado limejaa upepo kama ngoma, ingawa ubavuni limeshapasuliwa. Puani damu, nyeusi, inatiririka bila kuganda, ingawa jua lilishapanda. Vijana walikuwa wamefika kifuani na visu, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko.

Ile safu niliyoijaza HAKUNA mara zisizo na idadi, juu yake kuna maelezo madogo yaliyopigwa chapa. Nilikuwa nayajua kwa moyo. Hufa ghafla. Tumbo huvimba. Damu nyeusi isiyoganda. Usichune. Usile.

"Wekeni visu chini!" nikapiga kelele. "Msiguse! Ni kimeta!"

Watu wote wakaja mbio. Machage alifika bado ameshika karatasi yangu.

"Nini, mura?"

"Kimeta, mzee. Hii nyama haifai hata kwa mbwa. Azikwe kama alivyo, na waliomshika wakanawe, waende hospitali."

Machage akaikunjua karatasi polepole, akatafuta na kidole. "Butiama. Kimeta. Hakuna. Mwaka mzima hakuna. Wewe ndiye umenisomea sasa hivi, na mimi nimevunja posa kwa sababu ya maneno haya." Akawageukia vijana. "Endeleeni."

"Mzee, wasiendelee!"

"Basi karatasi ni ya uongo?"

Hapo ndipo niliposimama, ndugu zangu. Mbele yangu visu. Kushoto baba mdogo, masikio yamesimama kama ya sungura. Nyuma yangu, najua bila kugeuka, Robi. Nikisema karatasi ni ya kweli, kijiji kinakula kifo. Nikisema ni ya uongo, siyo mkwe tena, siyo karani tena, na pengine nitalala ndani.

Mmoja wa vijana akainua kisu.

"Ni ya uongo!" nikasema. "Yote. Nimeitunga mimi. Hakuna aliyehesabu chochote. Nilikaa ofisini nikaandika tu."

Wa kwanza kupata sauti alikuwa baba mdogo. "Mmemsikia? Mmemsikia kwa masikio yenu? Kumbe karatasi haina maana! Basi mwezi wa saba ng'ombe zangu zilikufa kweli!"

"Kwangu," Machage akasema, "wale sita wanaocheua pale zizini ni mizimu?"

Machage hakuwa amemaliza. Akaichana karatasi vipande viwili, muhuri ukabaki kipande kimoja, akanikabidhi vyote viwili mkononi kwa adabu, kama mtu anayerudisha chenji.

"Ng'ombe chukua, ni yako. Binti sikupi. Mtu anayeweza kukaa kivulini akaua na kufufua ng'ombe za watu kwa kalamu, siku moja atamwandika na binti yangu." Akawageukia vijana. "Wekeni visu. Chimbeni shimo. Refu."

Nilijua nimepoteza, na bado nilishusha pumzi. Angalau hakuna aliyekula. Nikamwambia Machage hivyo, nikijitafutia hata punje ya heshima: "Mzee, tushukuru tumewahi. Nyama haijafika jikoni."

"Ini lilifika," Robi akasema.

Tukageuka wote.

"Ini walilitoa mapema, kabla hamjaja," akasema. "Bernado alifika tangu saa moja. Baba akasema mgeni achomewe ini. Amekula, akashukuru, ameondoka kwenda kualika watu na kununua chumvi."

Nimekuwa nikikiri tangu mwanzo wa hadithi hii, basi na hili nalikiri. Kwa muda wa pumzi moja, labda moja na nusu, nilifurahi. Niliona kitanda cha hospitali na Bernado juu yake, nikaona kigoda changu kimerudi chini yangu. Mama mdogo Getruda alikuwa ameshaanza kupiga mayowe, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa napiga hesabu.

"Tumtafute haraka," nikasema, kwa sauti ya mtu mwema. "Sindano zipo, akiwahiwa atapona. Ni yeye peke yake aliyekula?"

Robi alijifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Unajua kwetu, Alfonsi," akasema. "Mgeni hawekewi chakula ambacho aliyekipika hajakionja. Kipande cha kwanza nilikula mimi."